Waliulizwa Lini?

Sheria ya Ardhi ya Amana ya Kenya ilifutwa mwaka 2016, na wanaoikumbuka leo ni wachache. Mimi naikumbuka kwa sababu ya kifungu chake cha 13, ambacho nimekisoma mara nyingi kuliko shairi lolote nililowahi kutahiniwa. Kinaeleza yale ambayo halmashauri ya wilaya ilipaswa kufanya kabla ya kutenga kipande cha ardhi ya wananchi kwa ajili ya mtu au kampuni. Halmashauri imjulishe mwenyekiti wa bodi ya ardhi ya tarafa. Mwenyekiti apange siku ya kikao, isiwe chini ya mwezi mmoja wala zaidi ya miezi mitatu tangu alipopata taarifa. Wakazi waambiwe kinachopendekezwa na siku ya kikao. Bodi ikae, iwasikilize waliofika, iandike walichosema, kisha ipeleke maandishi hayo kwa halmashauri pamoja na pendekezo lake. Ndipo madiwani wapige kura. Na kama bodi imesema hapana, kura ya wengi haitoshi; lazima robo tatu ya madiwani wakubali.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu halmashauri hizo. Nilipokuwa naanza, nilidhani nitaandika juu ya karani na mihuri. Badala yake nimejikuta nikiandika juu ya upepo.

Loiyangalani iko kwenye ufuo wa kusini mashariki wa Ziwa Turkana. Jina lenyewe, kwa Kisamburu, ni mahali penye miti mingi, na kwa kweli kuna mikoma inayozunguka chemchemi, lakini ukitoka hapo hatua chache ni mawe meusi ya volkano mpaka macho yachoke. Upepo hapa hautaniani na mtu. Hewa inatoka upande wa Bahari ya Hindi, inapita juu ya nyanda kame, kisha inabanwa katikati ya milima ya Kulal na Nyiru kama maji yanayobanwa kwenye mfereji, na inapotoka upande wa ziwa imeongeza kasi. Wastani wake kwa mwaka ni takriban mita 11 kwa sekunde. Wahandisi wakiona tarakimu hiyo hulala wakitabasamu. Waelmolo, wavuvi wa ufuo huo, wamejenga kwa karne nyingi nyumba za chini zilizoinama kama migongo ya kobe, kwa kuwa nyumba iliyosimama wima pale haikai.

Katika eneo hili ndipo kampuni ya Lake Turkana Wind Power ilipotaka kusimamisha mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, jumla ya megawati 310. Ardhi iliyotengwa ilikuwa ekari 150,000. Mitambo yenyewe ilihitaji sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Mkodishaji alikuwa Halmashauri ya Kaunti ya Marsabit, na mkataba ulikuwa wa miaka 33 unaoweza kurudiwa mara mbili, yaani miaka 99 kwa jumla.

Hapa inabidi nisimame kidogo kwenye neno amana, kwa sababu kesi nzima imo ndani yake.

Mswahili akikuwekea amana, amekupa kitu chake ukilinde. Hujakinunua, hukupewa zawadi. Anaweza kurudi kesho akakidai, na ukiwa umekiuza hutasema ulikuwa na haki kwa sababu kilikuwa nyumbani kwako. Ndivyo Katiba ya baada ya uhuru ilivyoiweka ardhi ya wafugaji: mikononi mwa halmashauri, kwa faida ya watu wanaoishi juu yake. Msamburu, Mrendile na Mturkana wa Loiyangalani hawakuwa na hati, lakini kisheria hawakuwa wapangaji. Walikuwa wenye mali. Halmashauri ilikuwa mwekwa amana.

Mpango huo haukutoka hewani. Wakoloni walipotunga Sheria ya Ardhi za Taji mwaka 1915, waliwafanya Waafrika kuwa wakaaji wa hisani juu ya ardhi yao wenyewe. Amana ilikuja baadaye kama dawa ya nusu nusu: ardhi isiporudishwa kwa mwenyewe, angalau ikabidhiwe mtu wa kuilinda. Shida ya dawa hiyo unaiona mara moja. Inategemea kabisa tabia ya mlinzi.

Na kaskazini mwa Kenya serikali ilikuwa mlinzi wa aina ya pekee. Kuanzia 1902 sheria ya kikoloni iliruhusu wilaya za pembeni zifungwe, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Baada ya uhuru ikaja hali ya hatari, ambayo sheria zake hazikuondolewa hadi 1991. Kwa hiyo mzee wa Marsabit aliyekuwa na miaka 60 wakati wapimaji wa upepo walipofika alikuwa ameishi zaidi ya nusu ya umri wake katika nchi ambayo gari la serikali likija linaleta amri. Chifu akiitisha baraza, watu wanakwenda, wanakaa kwenye kivuli, wanasikiliza, wanapiga makofi. Mtu wa nje akitazama makofi hayo anaweza kuandika kwenye daftari lake kwamba jamii imeshauriwa na imekubali.

Sitaki kusema kampuni haikujibu wasiwasi wa watu. Ilijibu mwingi. Wafugaji waliuliza kama ngamia na mbuzi wataweza kulisha katikati ya mitambo. Wakaambiwa hakuna ua utakaojengwa kuzunguka eneo lote, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu walilalamikia barabara. Kilomita 208 kutoka Laisamis zikatengenezwa, kwa kuwa hata vipande vya mitambo vilivyoshushwa Mombasa vilihitaji njia ya kufika. Kijiji cha Sarima, kilichokuwa karibu na njia ya magari ya ujenzi, kilihamishwa kwa sababu za usalama. Kampuni ikaanzisha mfuko wa kusaidia shule, zahanati na maji. Ajira zilikuwepo, nyingi wakati wa ujenzi na chache baada yake, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kufanya kibarua anaweza kulitabiri.

Ukisoma orodha ya majibu hayo, unaona kitu kimoja: yote yanajibu swali la nini kitatokea mradi ukishakuwepo. Hakuna hata moja linalojibu swali la nani alisema mradi uwepo.

Kuna rafiki yangu darasani ambaye kwao ni Marsabit. Siku moja nilikuwa namsomea orodha hiyo nikidhani nimegundua jambo kubwa, akanikatiza. “Ndugu yangu,” akasema, “kwetu ukifika kisimani huulizi kwanza kama maji ni matamu. Unauliza mwenye kisima ni nani.” Akaendelea kula mandazi yake.

Swali la mwenye kisima lilifika mahakamani mwaka 2014. Wakazi wa Marsabit waliishtaki kampuni, serikali ya kaunti na maofisa wa ardhi. Hawakuomba kulipwa kwa kelele za mitambo, wala hawakuleta daktari aseme upepo wa mashine unaharibu mimba za ng’ombe. Walisema hati zilipatikana kinyume cha Katiba na kinyume cha Sheria ya Ardhi ya Amana. Kifungu changu cha 13, kwa maneno mengine.

Kesi ikatembea mwendo wa kesi za Kenya. Wakati huo mitambo ilikuwa inapanda. Mwaka 2017 yote 365 ilikuwa imesimama, ikakaa zaidi ya mwaka mmoja bila kupeleka umeme popote, kwa kuwa laini ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijakamilika na mkandarasi wake kutoka Uhispania alikuwa amefilisika. Laini iliwashwa Septemba 2018. Rais Uhuru Kenyatta alizindua mradi Julai 2019. Laini hiyo hubeba umeme wa kilovolti 400, na laini kama hiyo huwezi kuidokoa ukawasha taa ya kijiji kilicho chini yake. Inahitaji kituo cha kushusha nguvu, ambacho hugharimu fedha nyingi na hakikuwa sehemu ya mpango. Watoto wa ufuoni waliendelea kuona nguzo zikipita.

Tarehe 19 Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyokaa Meru ikatoa hukumu. Hati zilipatikana kinyume cha sheria. Taratibu za kutenga ardhi ya amana hazikufuatwa. Mahakama haikuamuru mitambo ing’olewe. Iliwapa wahusika mwaka mmoja warekebishe, la sivyo hati zifutwe. Mwaka ukapita. Mwaka 2023 mahakama ikakataa kuongeza muda, na mvutano ukasogea kwenye rufaa. Mitambo haikusimama hata siku moja kwa ajili ya hayo. Ngamia nao wakaendelea kulisha chini yake.

Mimi si mwanasheria, na nakiri kwamba hukumu hiyo huwaudhi watu wenye nia njema. Nimewasikia wakisema: umeme safi umepatikana, watu hawakufukuzwa, shule zimejengwa, sasa kuna haja gani ya kuchimbua karatasi za zamani? Jibu langu ni kwamba karatasi hizo ndizo zilikuwa mkutano. Kifungu cha 13 hakikutaka muhuri tu. Kilitaka mtu asimame mbele ya bodi aseme, na maneno yake yaandikwe wakati ambapo maneno hayo bado yangeweza kubadilisha kura.

Kuna mahali pengine ambapo maneno ya wakazi yalibadilisha mradi, na napataja kwa sababu uhusiano wake na Turkana ni wa moja kwa moja. Mitambo yote 365 ya Loiyangalani ilitengenezwa na Vestas, kampuni ya Denmark iliyoanza mwaka 1898 kama karakana ya mhunzi katika mji mdogo wa Lem. Mfuko wa serikali ya Denmark wa kuwekeza katika nchi zinazoendelea ulikuwa miongoni mwa wenye hisa wa mradi. Kwa hiyo ni halali kuuliza: hao Wadenmark, kwao, ufuoni kwao, walifanyaje?

Nje ya bandari ya Copenhagen kuna mwamba chini ya maji ya kina kifupi unaoitwa Middelgrunden. Katikati ya miaka ya 1990 kikundi cha wakazi kilipendekeza mitambo ya upepo ijengwe hapo, kilomita chache tu kutoka ufukwe ambako watu wa mji huenda kuogelea. Mwaka 1997 wakaunda chama cha ushirika, kikashirikiana na kampuni ya umeme ya mji kwa mgao wa nusu kwa nusu. Mchoro wa kwanza ulikuwa na mitambo 27 katika safu tatu.

Kisha wakaulizwa watu. Wasiwasi ulikuwa wa namna nyingi. Wengine walisema safu tatu zitaonekana kama msitu wa vyuma mbele ya mji. Wengine waliogopa kelele. Wakapakiwa kwenye mabasi wakapelekwa kusimama chini ya mtambo uliokuwa ukifanya kazi, wasikilize kwa masikio yao. Wasiwasi ulionivutia zaidi ni wa tope. Kwa muda mrefu sana Middelgrunden ilikuwa jalala la tope linalochotwa bandarini, lenye metali nzito ndani yake, zebaki ikiwemo. Ukichimba misingi, je, sumu hiyo haitaamka? Swali hilo lilihitaji vipimo, na vipimo vikafanywa kabla ya kuchimba.

Mchoro ukabadilika. Safu tatu zikawa mstari mmoja uliopinda, ukifuata umbo la ngome za zamani zilizouzunguka mji, na mitambo 27 ikawa 20 yenye nguvu zaidi, megawati 2 kila mmoja. Ilianza kuzalisha umeme mwishoni mwa 2000 na kufunguliwa rasmi Mei 2001. Upande wa ushirika uliuza hisa 40,500 kwa kroni 4,250 kila moja, na watu wapatao 8,500 wakanunua. Anayelalamika kuhusu mtambo unaomharibia mandhari, huenda jirani yake ana hisa mbili ndani yake, na wanakutana dukani.

Ningependa kuishia hapo, Wazungu wazuri na sisi wabaya, lakini historia hairuhusu. Hakuna aliyekuwa akichunga mbuzi juu ya Middelgrunden. Wakazi wa Copenhagen walikuwa na kroni 4,250 za kuweka pembeni, walikuwa na magazeti, na walikuwa na baraza la mji ambalo halijawahi kuwafungia ndani kwa vibali. Na Wadenmark wenyewe, mitambo ilipozidi kuwa mirefu na wamiliki wakazidi kuwa makampuni, walianza kuichukia kama watu wa kwingine. Ndiyo maana ilibidi watunge sheria, iliyoanza kutumika 2009, iliyomlazimisha mwenye mradi kuwauzia wakazi wa ndani ya kilomita 4.5 angalau asilimia 20 ya hisa, na kuwafidia ambao thamani ya nyumba zao ingeshuka. Hisani ilikuwa imeisha, ikabidi iandikwe.

Kilichonigusa ni kitu kidogo zaidi. Zile nyumba za hisa za jimbo la fedha za Kaskazini, zilipokuja Turkana, zilileta mitambo na mikopo na masharti ya mazingira. Mchoro wenye safu tatu ambao bado unaweza kufutwa haukuletwa. Watu wa Loiyangalani walipoanza kuulizwa kwa dhati, hati ilikuwa imeshatoka.

Hapa Kenya tumeona pia nini hutokea watu wanapokataa kungoja miaka saba ya mahakama. Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, palikuwa na mradi wa megawati 60.8. Huko wakazi ni wakulima wenye vishamba na hati zao. Uvumi ulienea kwamba watafukuzwa, na kwamba mashine zitaleta maradhi. Mwaka 2015 maandamano yakageuka vurugu na mtu akafa. Mwaka uliofuata mradi ukafutwa bila mtambo hata mmoja kuzunguka. Nimesoma waandishi wanaocheka uvumi ule. Mimi siucheki. Mtu ambaye hajaambiwa kitu hujaza pengo kwa anachokijua, na mkulima wa Kenya ya kati anajua habari za kufukuzwa shambani tangu kwa babu yake.

Mimi natoka Lamu, na kwetu tumeonjeshwa kosa la upande wa pili. Mradi wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa Kwasasi uliitisha mikutano, tena mapema. Lakini tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Rufaa za Mazingira ilifuta leseni yake, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba mikutano ile ilifanyika kabla ya tathmini ya athari kukamilika. Watu waliitwa kuulizwa maoni kuhusu moshi, majivu na maji moto ya baharini wakati hakuna aliyekuwa na takwimu za moshi, majivu wala maji moto. Ripoti ilipotoka, kurasa kwa kurasa, hawakuitwa tena kama ilivyotakiwa. Turkana waliulizwa baada ya jambo kwisha. Lamu waliulizwa kabla jambo halijawa na umbo. Katika daftari za wenye miradi, mikutano yote hiyo ina picha, ina sahihi za waliohudhuria, na ina risiti za soda.

Sasa Lamu pia ina upepo. Mradi wa megawati 90 umependekezwa Baharini, upande wa Mpeketoni, na umeshakwama katika ugomvi wa ardhi na fidia. Mpeketoni ni eneo la walowezi walioletwa na serikali kuanzia miaka ya 1970, jirani na watu wanaosema ardhi ile ilikuwa yao kabla, kwa hiyo swali la mwenye kisima lina majibu zaidi ya moja na kila jibu lina watu wake. Naunga mkono umeme wa upepo. Niliupinga ule wa makaa na sioni aibu kuutaka huu. Lakini naujua ufuo ule, na najua kwamba mtu akija na orodha ya majibu kuhusu ndege na kelele kabla ya kukaa chini na swali la ardhi, atapigwa picha nzuri na atarudi na mradi uliokwama.

Mama yangu hupenda kuulizia tasnifu yangu, ingawa anaona ni muda mrefu mno kwa karatasi za kufungua mradi mmoja. Juzi kwenye simu nilimsomea kifungu cha 13, nikimtafsiria polepole. Alipofika kwenye muda wa kikao akanisimamisha.

“Mwezi mmoja mpaka mitatu?”

“Naam, mama. Isiwe chini ya mwezi, isizidi miezi mitatu.”

Akafikiri. “Mwezi unatosha,” akasema. “Mradi wasiuweke katikati ya kaskazi, mwanangu, maana wanaume wote wako baharini.”